Gari Linavuta Kushoto

Hapa Rulenge ukiuliza nyumbani kwa Dafroza, utaulizwa Dafroza yupi, maana waliobatizwa kwa jina hilo ni wengi. Ukisema Dafroza dereva, utaonyeshwa nyumba papo hapo. Alijifunza kuendesha mwaka ule wakimbizi walipofurika kutoka Rwanda, ng'ambo ya mto, na mashirika yakaja Ngara na magari mengi kuliko madereva. Walitangaza kwamba mwenye leseni ajitokeze, na asiye nayo lakini ana moyo ajitokeze vilevile, atafundishwa. Wanaume walicheka walipomwona kwenye foleni. Baada ya miezi michache alikuwa akipeleka unga, mabomba ya maji, wagonjwa na mara nyingine maiti, kwenye barabara ambazo wakati wa mvua hata trekta lilikuwa likizama.

Huko kambini ndiko alikokutana na Niyongabo, karani wa ghala, mtu wa asili ya Burundi, mpole, aliyekuwa akimwekea chai kwenye chupa kila alipochelewa kurudi. Wakaoana, wakapata binti mmoja, Akimana. Kambi zilipofungwa na mashirika yakaondoka, magari yalipigwa mnada, nao wakachanga walichokuwa nacho wakanunua lile lile alilokuwa akiliendesha: Landkruza ndefu iliyoandikwa namba saba mlangoni. Walilipaka rangi ya bluu, lakini jua likilipiga kwa upande ile saba ilionekana bado chini ya rangi. Ndipo gari likaitwa Saba, na mpaka leo halina jina jingine.

Saba lilibeba ndizi na maharage kutoka Murusagamba, lilibeba maharusi, lilibeba kwaya, lilibeba wajawazito waliokuwa wakikimbizwa hospitali huku mama wakwe wakisali rozari kwenye kiti cha nyuma. Niyongabo alipofariki, jeneza lake lilikwenda makaburini ndani ya Saba, na Dafroza ndiye aliyeendesha. Ndugu walimsihi amwachie mtu mwingine. Alisema, "Huyu sijawahi kumwachia mtu mwingine ambebe," akapanda kwenye usukani.

Ajali ilitokea mwaka jana, katika Kwaresima. Dafroza alikuwa peke yake, akienda Biharamulo kumtembelea mdogo wake, Generoza. Alikuwa amepita Nyakahura, anashuka mteremko mrefu, ng'ombe wakaingia barabarani. Akasimama. Nyuma yake ilikuwa inashuka semitrela tupu iliyokuwa ikirudi kutoka Rwanda. Alisikia breki zikilia, akatazama kwenye kioo, akaona kioo chote kimejaa lori.

Pigo lilikuwa moja. Saba lilirushwa mbele, ng'ombe wakatawanyika, likaishia kwenye majani ya pembeni. Nyuma kote kulikuwa kumekunjwa: bampa limeingia ndani, mlango umejikunja, chasisi imepinda mpaka tairi moja la nyuma lilikuwa limeinama kama kiatu kilichokanyagwa. Dafroza alikuwa amefunga mkanda. Kichwa chake kilikwenda nyuma, kikaja mbele, kikarudi nyuma tena. Hakikugonga popote. Alifungua mlango, akashuka kwa miguu yake na kuanza kulizunguka gari.

Dereva wa lori, Shibuda, alikuja mbio.

"Mama, umeumia?"

"Mimi mzima. Hebu tazama ulivyolifanya gari langu."

"Mama, kaa chini kwanza."

"Nikae chini niangalie nini? Hivi unajua hili gari ni la lini?"

Hakukaa. Askari walipofika Shibuda alikiri mwenyewe kwamba alikuwa karibu mno, na tajiri yake alikubali kwa simu kwamba gari litengenezwe mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Kila mtu alisema Dafroza ana bahati. Mambo kama hayo kwa kawaida husumbua watu miaka, yeye yakamwishia siku hiyohiyo, bila hata mkwaruzo mwilini.

Saba likavutwa hadi Biharamulo, kwenye gereji ya Leonidasi. Mafundi bodi wako wengi, lakini wa kunyoosha chasisi ni wa kutafuta, na Leonidasi alikuwa amejenga fremu ya vyuma na minyororo kwa kazi hiyo. Dafroza akafikia kwa Generoza, ambaye anauza vitenge sokoni na anaishi peke yake, akasema harudi Rulenge bila gari lake.

Kila asubuhi alikwenda gereji. Leonidasi alimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi juu ya tairi kuukuu na kutazama. Alitazama walipokata sehemu ya nyuma iliyokufa. Alitazama walipoifunga chasisi minyororo na kuivuta kidogo kidogo, chuma kikilia. Sehemu ya nyuma ya Landkruza nyingine ilipatikana Kahama, ikaja juu ya fuso. Alipapasa kila kiungo kilichochomelewa. Mlango wa mbele aliwakataza kuugusa, kwa sababu ya ile saba.

Generoza ndiye aliyetusimulia yaliyofuata, na kila akisimulia huanza na kichwa.

Dada yake aliamka asubuhi moja akilalamika kichwa kinamgonga. Hakuwa mtu wa kuumwa kichwa. Alijifunga kitambaa akakikaza, akaenda gereji. Kesho yake tena. Kilimuuma alfajiri, kikapungua mchana, kikarudi. Walikwenda zahanati ya karibu, akapimwa malaria, hakuna. Akapewa dawa za maumivu, akaambiwa apumzike, hizo ni fikra za gari.

"Ni kweli," Dafroza alisema wakiwa njiani kurudi. "Likipona gari, nami nitapona."

Kisha akaanza kusinzia. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya kengele ya misa. Sasa Generoza alirudi kutoka sokoni saa nane mchana akamkuta amelala, mdomo wazi, na ilimchukua muda kumwamsha. Siku moja alimimina chai, kikombe kikajaa, yeye akaendelea kumimina, chai ikitiririka mezani na kumdondokea mapajani. Siku nyingine alimwita Leonidasi "Niyongabo", tena kwa sauti ya kawaida kabisa: "Niyongabo, nipe hiyo spana nishike." Gereji nzima ilicheka, naye akacheka. Leonidasi hakucheka sana.

Na siku moja alirudi nyumbani na ndala moja. Mguu wa kulia ulikuwa na ndala. Wa kushoto ulikuwa mtupu, una tope hadi kwenye kifundo, na kidole kimoja kilikuwa kinavuja damu.

"Dada, ndala yako iko wapi?"

Dafroza alitazama miguu yake. Aliutazama ule wa kushoto kwa muda, kama mtu anayetazama mzigo alioachiwa na abiria.

"Si ninayo," alisema.

Generoza alikwenda mwenyewe kuitafuta. Aliikuta imelala katikati ya barabara, mbali na nyumbani, magari yanaipita. Anasema aliiokota na hakutaka kurudi nayo ndani. Alisimama nje kidogo, wala hakujua anaogopa nini.

Alimpigia Akimana, ambaye ni fundi cherehani Mwanza. Akimana akaomba aongee na mama yake. Dafroza alishika simu akaongea vizuri, akauliza habari za kazi, akacheka mahali pa kucheka. "Mama yuko sawa, shangazi," Akimana alisema baadaye. Alizoea kumwita hivyo tangu mtoto, ingawa ni mama yake mdogo. "Amechoka tu." Generoza akaona labda kweli anajitisha.

Gari likamalizika. Lilipigwa puti, likapigwa rangi, likatolewa juani. Waliolijua walisema hata huoni lilipoungwa. Dafroza alilizunguka, akaweka kiganja chake juu ya boneti, machozi yakamlengalenga. Kisha akapanda kulijaribu, Leonidasi ubavuni mwake.

Walirudi baada ya muda mfupi. Dafroza alishuka amekunja uso.

"Klachi ni nzito. Haikuwa hivi."

Leonidasi alifungua, akakagua, akabadilisha kilichohitaji kubadilishwa. Alipojaribu yeye ilikuwa laini. Dafroza akajaribu tena, akasema sasa gia ndizo haziingii. Anaitafuta ya pili haipati. Leonidasi akashughulika na gia siku nzima. Asubuhi iliyofuata Dafroza alitoka nalo hadi barabara ya Chato, akarudi na hasira.

"Gari linavuta kushoto. Leonidasi, chasisi haijanyooka. Nimeliendesha hili gari tangu wewe hujaota ndevu, usinifanye mtoto."

Leonidasi hakubishana. Alipima matairi, alipima chasisi kwa kamba kutoka kona hadi kona, akarudia. Akaenda nalo barabara ile ile, mahali ilipo tambarare, akaachia usukani mikono yote miwili. Saba lilikwenda mbele, limenyooka, halikuyumba kulia wala kushoto. Aliporudi, alimwita Generoza pembeni, nyuma ya kontena la vipuri.

"Mama, lile gari halina kitu."

"Lakini anasema linavuta."

"Nimesikia. Na anaposhika yeye, kweli linavuta. Nilikaa naye mle ndani, tulikaribia kuingia mtaroni mara mbili." Alifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu. "Mimi najua magari tu. Sijui nikuambie nini zaidi ya hapo. Ila ningekuwa mimi, nisingemwachia aliendeshe peke yake."

Siku ya kuondoka, Leonidasi alijitolea kuwaendesha hadi Rulenge, arudi kwa basi. Dafroza alimtazama kana kwamba ameomba kumvua nguo. Basi Generoza akafunga duka, akapanda naye. Hajui kuendesha. Anasema hakuwa na mpango wowote. Alijua tu kwamba hawezi kubaki sokoni siku hiyo akikunja vitenge.

Waliondoka asubuhi kukiwa na ukungu. Hadi Lusahunga barabara haikuwa na magari mengi, na Dafroza aliendesha polepole. Kwa kawaida aliongea na gari lake, hasa kwenye milima, kwa Kihangaza, lugha ya kwao, akilibembeleza. Siku hiyo kimya. Tairi za kushoto zilikuwa zikikanyaga kokoto za pembeni, zinarudi kwenye lami, zinakanyaga tena. Walipokunja kuelekea magharibi wakaingia katika njia ya malori. Yalikuja moja baada ya jingine, marefu, taa zimewashwa ndani ya ukungu.

"Dada, uko pembeni sana."

"Nimekuambia linavuta."

Mlima ulianza. Injini ikaanza kulalamika, ikahitaji gia ndogo. Generoza alisubiri abadilishe. Hakubadilisha. Saba lilizidi kupoteza nguvu, likitetemeka, na nyuma yao lori likapiga honi ndefu. Ndipo Generoza alipoangalia. Mkono wa kulia wa dada yake ulikuwa juu ya usukani. Wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, kiganja juu, vidole vimekunjika kidogo, na ulikuwa ukitikisika kwa mtetemo wa gari kama kitu kisicho cha mtu.

Aliuliza taratibu, kwa sababu aliogopa jibu.

"Dada, mkono wako wa kushoto uko wapi?"

"Uko kwenye gia," Dafroza alisema. "Naisukuma, haiingii."

Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa mbele, na kwenye shingo mshipa ulikuwa umemtoka, kama mtu anayesukuma kweli.

Generoza anasema sauti iliyomtoka hakuitambua. "Simama, Dada. Tumbo limenishika, simama hapa hapa." Dafroza alikanyaga breki. Mguu wa kushoto haukwenda kwenye klachi. Injini ilijigonga ikazimika, na Saba likasimama nusu kwenye lami, nusu kwenye majani, katikati ya mlima, likaanza kurudi nyuma taratibu. Generoza alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, maana aliwahi kuona inavutwa. Akachomoa ufunguo, akaruka nje, akakimbia kuelekea lori akipunga kitenge na kupiga kelele.

Lori lilisimama. Lilisimama karibu kiasi kwamba alihisi joto lake usoni.

Dereva na taniboi wake walilisukuma Saba hadi pembeni kabisa na kuweka mawe. Dafroza alibaki kwenye kiti chake. Hakuuliza kuna nini. Generoza alipofungua mlango wake, alikuta dada yake ameegemea upande mmoja, na upande huo wa mdomo umelegea.

"Tumefika?" Dafroza aliuliza.

Leonidasi, aliyepigiwa simu na Generoza, alikuja kwa pikipiki, akapanda Saba, akawarudisha Biharamulo mwenyewe. Generoza alikaa nyuma amempakata dada yake. Anasema gari lilikwenda vizuri sana, laini, na kila lilivyokwenda vizuri ndivyo alivyozidi kuogopa.

Hospitalini daktari alimwambia Dafroza amfinye vidole. Kwa mkono wa kulia alifinya. Kwa wa kushoto alisema amefinya, lakini haukusogea. Daktari akamgeukia Generoza.

"Amewahi kuanguka, au kugonga kichwa, miezi hii miwili mitatu?"

"Hapana. Aligongwa gari, lakini gari ndilo lililoumia. Yeye hakuguswa."

"Aligongwaje?"

"Kwa nyuma."

Daktari alichukua simu yake mezani. Kisha akaeleza kwamba kichwa hakihitaji kugonga kitu. Kikirushwa kwa nguvu, kwa mtu wa umri wake, mshipa mdogo unaweza kukatika ndani na damu ikavuja pole pole kwa wiki nyingi, ikajikusanya kati ya fuvu na ubongo, ikaukandamiza. Ikikandamiza kulia, mwili unalegea kushoto. Alisema hayo huku tayari anapiga simu ya gari la wagonjwa.

Safari ya Mwanza Generoza haikumbuki vizuri. Anakumbuka daraja la Busisi na maji mapana pande zote mbili. Anakumbuka pia kwamba tangu Geita dada yake hakufumbua macho tena, hata akiitwa kwa jina la nyumbani. Akimana aliwangoja kwenye lango la hospitali, bado amevaa futi ya kupimia shingoni. Picha ya kichwa ilipotoka, daktari wa upasuaji aliwaonyesha: upande mmoja ulikuwa na kivuli kikubwa kama mwezi, na ubongo umesukumwa pembeni. Aliwaambia mgonjwa angechelewa siku moja tu, asingewaahidi chochote. Hata sasa, alisema, hawaahidi sana.

Walimtoboa fuvu matundu mawili. Damu iliyotoka, aliwaambia baadaye, ilikuwa nyeusi kama oili chafu.

Dafroza alizinduka. Aliporudiwa na maneno, alimtambua Akimana, akamtambua Generoza. Lakini wiki zote za Biharamulo hazikuwepo kwake. Tairi alilokalia, minyororo, chai iliyomwagika, ndala, vyote havikuwepo. Alipoambiwa kwamba alisema mkono wake uko kwenye gia wakati uko mapajani, alimkatalia Generoza katakata, kisha akashinda siku nzima akiutazama mkono huo juu ya shuka.

Amerudi Rulenge tangu mwaka jana huohuo, na Generoza amehamia kwake. Vitenge anauzia hapa. Mkono umepata nguvu, karibu zote. Mguu unaburuta kidogo akichoka. Leonidasi alileta Saba mwenyewe, akaliegesha uani, akakataa hata soda. Daktari amemkataza kuendesha mpaka atakapomruhusu, na aliongeza jambo ambalo ndugu hao wawili hawalitaji mbele za watu: damu ya namna hiyo wakati mwingine hurudi. Aliwafundisha la kufanya. Kila asubuhi Dafroza anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, macho amefumba, na mtu amtazame.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, Dafroza anasimama mlangoni na kunyoosha mikono, na Generoza anasimama mbele yake. Asubuhi moja ya mvua za Novemba, wa kushoto ulishuka kidogo.

"Mkono umekaa?"

"Rudia," Generoza alisema.

Alirudia. Ulikaa.

"Na mara ya kwanza?" Dafroza aliuliza, macho bado amefumba.

Generoza alikwenda kuchukua simu, na kesho yake walikuwa Mwanza. Picha ilionyesha kichwa kiko safi. Daktari alisema wako salama kwa sasa, na Dafroza, aliyekuwa akivaa kilemba chake, akauliza, "Kwa sasa ni mpaka lini?" Daktari alicheka kwa heshima, akawaambia warudi tena baada ya Pasaka.

Waliporudi, Dafroza alitoa ufunguo wa Saba kwenye kikapu, akampa mdogo wake. Alisema hatapanda tena basi la kwenda kuambiwa kama atakufa. Atakwenda kwa gari lake, na kwa kuwa yeye amekatazwa, mwingine ajifunze.

"Mimi? Kwa umri huu?" Generoza aliuliza.

"Mimi nilifundishwa na watu wasiojua hata Kiswahili. Wewe unafundishwa na dada yako. Panda."

Siku hizi mchana unaweza kuwaona kwenye barabara ya Nyamiaga, Generoza ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, Dafroza upande wa pili akifoka: klachi kwanza, klachi kwanza, unataka kuliua gari la watu? Wanacheka pia, husikika kutoka mashambani. Lakini lori likitokea nyuma yao, wote wawili hunyamaza mpaka lipite.